Akina Mlowe Tupo Wengi

Makambako,
Jumapili, 9 Juni 2024

Mwanangu Idda,

Kamwene. Natumaini baridi ya Njombe haijakubana sana, maana huku kwetu upepo unatutosha na vumbi lake. Mama yako mdogo Feliciana anakusalimu. Kuku wake wawili wamekufa kwa kideri, na tangu hapo nyumba nzima tunatembea kwa adabu. Mimi mgongo unanisumbua ila bado nafundisha.

Najua utacheka mtu kukuandikia barua ya karatasi zama hizi. Nimepiga simu yako mpaka nimechoka na yule dada anayesema namba haipatikani. Barua anakuletea Shadrack, yule wa pikapu anayepeleka mabunda ya uzi kwa huyo Mama Zita unayekaa kwake. Nimemwambia asubiri majibu.

Nije kwenye jambo lenyewe. Jumatano mama yako aliandikiwa na mtu ujumbe mfupi, akanitumia: Idda yuko Njombe, mtaa wa Ramadhani, kwa Mama Zita, anafuma masweta ya shule. Basi. Hakusema tangu lini wala kwa nini. Nilikaa na simu mkononi kama mtu aliyepewa ya mwenzake. Mtoto wa kaka yangu, mwaka wa pili chuo kikuu, anafuma masweta!

Karatasi zangu za mahudhurio zinaonyesha upo, na mimi mwenyewe nimekuwa nikikuona darasani mpaka wiki mbili hizi. Nini kimekupata ghafla hivyo? Kama ni mwanaume, sema. Kama ni uvivu, sema pia. Marehemu baba yako Nahumu alibeba vikapu vya majani ya chai mgongoni ili mimi nisome, nami niliahidi kaburini kwake kwamba wewe utasoma. Sasa nitamwambia nini? Umetutia aibu, Idda, na aibu yenyewe tunaila pale pale ninapofundisha.

Mitihani inaanza tarehe 15 Julai. Funga mzigo, panda gari, rudi. Tutayamaliza ndani kwa ndani.

Baba yako mdogo,
Dkt. Ezekia Mlowe


Ramadhani, Njombe,
23 Juni 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mpe Mama Mdogo pole ya kuku. Sisi hatujambo. Mama alikuja kutoka Lupembe akarudi. Majani ya chai ni machache kwa sababu ya baridi, lakini lori la kiwanda bado linapita Jumatatu na Alhamisi. Anasema goti lake limepata nafuu. Mama Zita ana oda ya masweta ya kijani ya shule mbili, na mashine inalia kutwa. Nimejifunza kufuma shingo, ambayo ndiyo ngumu. Shadrack alisubiri majibu nikamwambia aende, kwa sababu sikuwa nayo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nina swali moja tu. Unasema ulikuwa unaniona darasani mpaka wiki mbili zile. Nilikuwa nimekaa upande gani?

Umesaini kwa cheo, Baba Mdogo, kwa hiyo nami nisaini kwa cha kwangu.

Mwanafunzi namba 0417/T.22


Makambako,
Jumatano, 26 Juni 2024

Idda,

Marahaba. Hatujambo. Kuku wa tatu naye amekufa.

Swali lako halina adabu, lakini nitalijibu. Ukumbi ule una wanafunzi mia mbili na kumi na wawili. Siwezi kujua kila mmoja anakaa wapi, mimi si mlinzi wa mlangoni. Nadhani ulikuwa upande wa dirishani. Tuache hayo.

Nimekutafutia njia. Chuo kina fomu ya kuahirisha masomo. Ikiidhinishwa, hufutwi, utarudi Novemba na kurudia mwaka huu. Nimekujazia mwenyewe ili usihangaike. Kwenye sababu nimeandika "ugonjwa wa tumbo wa muda mrefu", na kuna mganga ninayefahamiana naye atakayetoa cheti. Wewe weka saini, mpe Shadrack. Siku ya mwisho kuipokea ni tarehe 8 Novemba, na baada ya hapo jina lako litaondolewa kabisa, lakini tusingoje huko.

Kama kuna mtu chuoni aliyekukosea, nitajie jina. Nitashughulika naye.

Baba yako mdogo,
Dkt. E. Mlowe


Ramadhani, Njombe,
11 Agosti 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Julai yote tulifuma kwa ajili ya shule kufunguliwa na vidole vikavimba. Mama hajambo. Zita, binti wa Mama Zita, ameanza kidato cha tano Kidugala, na sweta lake nilimfumia mimi, shingo na yote.

Fomu nakurudishia bila saini. Tumbo langu halina shida.

Uliniomba jina la aliyenikosea. Nimekaa na ombi hilo wiki sita. Kila nikishika kalamu naona aibu kana kwamba mkosaji ni mimi, ndiyo maana kalamu nimekuwa nikiiweka chini. Leo nitaandika mpaka mwisho kabla mchana haujaniishia.

Mara ya mwisho kuingia darasani kwako ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Machi. Baada ya hapo nilibaki bwenini. Wiki ya kwanza nilikuwa nalia. Ya pili nikaanza kusikiliza: nilikuwa naamka, naoga, navaa kabisa, halafu nakaa kitandani kusikiliza nyayo za kwenye korido, nione kama kuna mtu atakuja kuuliza Idda yuko wapi. Mwalimu, mlezi wa wanafunzi, yeyote. Jackline wa chumba changu ndiye pekee aliyeuliza, na kwa huruma yake akawa ananisainia kwenye karatasi ya mahudhurio, hata nilipokwisha kuondoka. Usimguse Jackline. Wiki ya nne nilifunga begi, na nikiwa getini mlinzi alinitakia safari njema. Ilikuwa tarehe 9 Aprili.

Sasa hesabu, wewe ndiye mwalimu wa takwimu. Barua yako ya kwanza ni ya tarehe 9 Juni.

Na kuna hili, ambalo Mama alinikataza kukuandikia. Jumapili ya tarehe 2 Juni Mama alikuja hapa kwa mara ya kwanza. Alikaa kitandani kwangu, akakataa chai, akasema, "Nampigia baba yako mdogo, yeye atajua la kufanya." Akaweka spika ili na mimi nisikie utakavyonigombeza. Akakuuliza, "Shemeji, Idda anaendeleaje?" Hakukuambia yuko nami. Labda alitaka kwanza kujua kama umeshasikia.

Ukasema, "Anaendelea vizuri sana. Juzi tu nimemwona darasani, amenenepa hata."

Mama alisema asante, shemeji. Akakata simu, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Halafu akaanza kukunja masweta ya Mama Zita, moja baada ya jingine, na hakunitazama mpaka yalipokwisha. Mimi nilitamani ardhi inifunike. Nilikuonea aibu, Baba Mdogo. Sikujua kama mtu anaweza kumwonea aibu mkubwa wake namna ile.

Mambo ya tarehe 14 Machi siandiki. Unayajua.

Idda


Makambako,
Jumapili, 15 Septemba 2024

Mwanangu Idda,

Nakusalimu, ingawa salamu yenyewe naitoa nikiinamisha kichwa. Feliciana hajambo. Hakuna kuku tena. Barua yako ilinifikia tarehe 13 Agosti na nimeanza hii mara tano. Nne za kwanza nilikuwa najieleza vizuri mno, nikazichana.

Nilisema uongo kwa mama yako. Alipouliza, nilikuwa nimekaa sebuleni na wageni. Nilikumbuka kwamba kwenye karatasi ya Alhamisi kulikuwa na saini mbele ya namba yako, nikaona hiyo inatosha kuwa nimekuona. Lile la kunenepa nililiongeza ili simu iishe haraka.

Sasa tarehe 14 Machi. Nilijifanya sikumbuki, na katika barua yangu ya pili nikakuomba jina la mkosaji. Nilipofika kwenye mstari ule nikisoma majibu yako, nilitoka nje nikasimama kwenye banda tupu la kuku, maana sikutaka Feliciana aone uso wangu.

Ulikuja ofisini na kiroba cha viazi kutoka kwa mama yako, kimefungwa kwa kamba ya mgomba, na buti zako zina udongo mwekundu wa Lupembe. Mwalimu Rodrick alikuwepo. Alikutazama, akanitazama, akacheka: "Mheshimiwa, huyu binti ni wako? Mbona sura ni moja, na jina ni Mlowe?" Nami nikasema, "Hapana bwana, akina Mlowe tupo wengi. Huyo ni mwanafunzi tu." Ukaweka kiroba chini pembeni mwa mlango, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, ukaondoka.

Nimekuwa nikijiambia ni kwa ajili ya haki. Mwaka wako wa kwanza nilikuonya usiniite Baba Mdogo chuoni, watu wasije wakasema nakupa alama za bure. Hilo lina ukweli wake, na ndilo nililojifunika nalo. Lakini siku ile haki haikuniingia akilini hata kidogo. Niliona kile kiroba na zile buti, nikaona Rodrick ameviona, nikataka visiwe vyangu. Viazi vyenyewe nilisubiri Rodrick aende, nikavibeba kwa mlango wa nyuma. Tulivila wiki nzima. Vilikuwa vitamu, Idda, na nilimsifia Feliciana kwa mapishi.

Hujawahi kuniona nikiwa karani wa majani. Ulikuwa hujazaliwa. Kabla sijaenda chuo nilipima majani miaka miwili katika banda letu kule Lupembe. Wakulima themanini na zaidi, wote niliwaita kwa jina, na jina lisipoitikiwa nilimzuia dereva. "Mama Marcelino yuko wapi?" Watu wanapaza sauti kuelekea mabondeni, na kutoka huko chini inarudi sauti, "Yuko njiani!" Lori linasubiri mpaka mama wa watu apande na kikapu chake. Dereva alinitukana mara nyingi. Hakuna aliyewahi kuachwa zamu yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na sikuwa na shahada hata moja.

Wiki ya mwisho ya vipindi, kabla barua yako ya Agosti haijaja, swali lako la upande gani lilikuwa halijanitoka. Nikaiacha karatasi ya saini, nikaanza kuita majina. Wengine walicheka, wakadhani mzee amerukwa na akili. Jina la kwanza kabisa, kijana aliitika halafu akageuka kuwatazama wenzake, kana kwamba hakuamini. Nilitumia karibu saa nzima. Kumi na tisa walikuwa na saini na hawakuwepo. Kwa watatu, hata wanaokaa nao hawakujua walipo.

Mmoja wa hao watatu ni Praygod, wa Kidugala. Nilimfuata kwao. Mama yake aliponiona alipangusa kiti kwa khanga yake mwenyewe, akabaki amesimama. Alidhani nimeleta barua ya kumfukuza mwanawe. Praygod alitoka ndani akasema, "Sikujua kama Mwalimu ananifahamu jina." Nikajibu namfahamu. Na huo ulikuwa uongo wa pili, kwa sababu jina lake nilikuwa nimeliandika kiganjani ili nisilisahau njiani. Praygod alirudi akafanya mitihani.

Nilimfuata mtoto wa watu, na wewe nikakutumia barua kwa pikapu. Naogopa kusimama mlangoni kwa Mama Zita. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Naona aibu, mwanangu. Sina namna nzuri ya kuliandika.

Ezekia


Ramadhani, Njombe,
29 Septemba 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Pole kwa banda tupu. Sisi tupo salama. Mvua za kwanza zimenyunyiza na Mama anasema majani yataanza kuchipua. Barua yako nilimsomea Mama Zita sehemu ya viazi, nisamehe, nilihitaji mtu wa kucheka naye. Tulicheka, halafu nikashindwa kuendelea kusoma.

Unajua siku ile nilikuja kufanya nini? Kiroba kilikuwa kisingizio. Nilikuwa nimepata alama tisa kwenye jaribio lako la takwimu, tisa kati ya thelathini, na nilikuwa sielewi chochote tangu wiki ya tatu. Nyumbani kila mtu ananiita msomi. Mama amewaambia kanisani. Nilitafuta mtu mmoja nimwambie sielewi, nikasema moyoni, Baba Mdogo atanigombeza, lakini atanifundisha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu bwenini. Ulipomjibu Mwalimu Rodrick, maneno yote yaliniishia.

Kukanwa undugu kuliuma. Lakini nikiwa bwenini niliwaza zaidi: kama mimi wa damu yake nimejibiwa hivi, yule asiye na mtu hapa chuoni akigonga mlango ule anapata nini? Ndipo niliposhindwa kurudi darasani. Nilihisi kwamba nikiondoka, pale nilipokaa patajaa tu, kama maji.

Sasa unaweza kunifundisha takwimu, lakini bado sijasema narudi. Huku nikichelewa dakika kumi Mama Zita anatuma mtoto kuniangalia kama naumwa. Nimezoea kuulizwa.

Mambo mawili. La kwanza, Mama bado hajasikia lolote kutoka kinywani mwako. Usimwandikie, yeye barua husomewa. Nenda. La pili, fomu. Ukitaka nisaini, niletee ambayo kwenye sababu kumeandikwa kilichotokea. Ile ya tumbo siitaki.

Idda


Makambako,
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Mwanangu,

Kamwene. Feliciana anakusalimu na safari hii amenuna kwa haki, maana nimemwambia yote, pamoja na mlango wa nyuma.

Alhamisi ya tarehe 10 nilikwenda Lupembe. Nilipanga nimkute mama yako nyumbani, wawili tu. Nilikuta ameshatangulia bandani kupima majani. Nikataka kumsubiri, halafu nikajiona jinsi ninavyotafuta tena mlango wa nyuma, nikamfuata. Watu walikuwa kama arobaini. Wazee walinitambua, wakapiga kelele, "Karani amerudi!" Mama yako akageuka. Nilimwambia pale pale kwenye foleni, sauti ya kawaida: Shemeji, sikumwona Idda. Nilikudanganya. Na alipokuja ofisini kwangu na viazi vyako, nilimkana.

Karani wa sasa akaacha hata kuandika. Mama yako alinitazama. Kisha akavua kikapu mgongoni akanikabidhi. "Kishike basi," akasema, "goti linaniuma." Nilisimama na kikapu kile, na koti langu la chuo, mpaka zamu yake ikafika. Nilipoondoka alinipa viazi, nikashindwa kuvikataa na nikashindwa kushukuru.

Fomu ninaiambatanisha. Kwenye sababu nimeandika kwa mkono wangu: "Mwanafunzi alikuja kwa mwalimu wake, ambaye pia ni baba yake mdogo, kuomba msaada wa masomo. Mwalimu alimkana mbele ya mtu. Mwanafunzi aliacha kuhudhuria, na mwalimu hakugundua kwa wiki kumi na moja, akawa anapokea saini zisizo zake." Mkuu wa idara aliniuliza kama nina homa. Amenipa barua ya onyo kwa ajili ya mahudhurio, nimeisaini. Ameidhinisha fomu, inasubiri jina lako tu. Jackline sikumtaja. Rodrick nilimweleza mwenyewe. Hakucheka. Alisema, "Nami nina mpwa wangu mwaka wa kwanza," akachukua chaki zake akatoka.

Mtihani wako, kama utarudi, sitausahihisha mimi. Takwimu nitakufundisha nyumbani, mezani, Feliciana akisikia.

Vipindi vinaanza Jumanne, tarehe 12 Novemba, saa mbili asubuhi. Nitaita majina. Jina lako nimeliweka kwenye orodha kwa wino. Nikilifikia nitasimama hapo, na darasa litasubiri. Sikuamuru. Sina tena uso wa kukuamuru. Nakuambia tu kwamba safari hii nitajua kama hupo.

Ezekia


Ramadhani, Njombe,
5 Novemba 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Shadrack ananisubiri nje na injini inanguruma, kwa hiyo nafupisha. Fomu hii hapa, ina saini yangu mwenyewe, si ya Jackline. Mama Zita amelia, halafu akanifungia masweta mawili, moja ni lako, la kijivu. Shingo nimefuma mimi.

Mama alikuja jana. Nilimuuliza ulipokuwa umeshika kikapu bandani ulionekanaje. Akasema, "Alionekana kama Nahumu."

Bado nina aibu. Nitaingia darasa la watu niliowatangulia, na nitarudia jaribio la alama tisa. Usiku nawaza jinsi watakavyonitazama. Lakini nakuja. Nitakaa mstari wa tatu, upande wa mlango. Uuandike upande huo.

Kabla ya kipindi, Jumatatu mchana, nitapita ofisini. Mama amenipa kiroba cha viazi, na buti ni zile zile. Nitahakikisha Mwalimu Rodrick yupo. Nitagonga, na nitasema kwa sauti, "Baba Mdogo, hodi."

Uitike.

Idda Nahumu Mlowe